Bajaji, leseni za (Bujumbura)
Pikipiki ya magurudumu matatu ya kubeba abiria, inayoitwa pia tuktuk. Kwa dereva wa Kinanira, kusini mwa Bujumbura, permi (leseni ya udereva) peke yake haikumfikisha kila mahali: kuanzia Machi 2022 serikali ya Burundi ilizipiga marufuku bajaji, pikipiki na baiskeli katikati ya jiji, ikitaja ajali. Mzigo mzito wa amri hiyo uliwaangukia watu wa kipato kidogo, waliobaki kutembea au kugombania mabasi.

Kwa kulinganisha, Tanzania huanzia kwenye leseni: bajaji ina daraja lake, na kanuni za mwaka 2010 zinadai leseni ya usafirishaji, ambayo sasa hutolewa na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini. Kenya huziweka tuktuk daraja A3, pamoja na bodaboda.