Lugalo ya Iringa na mwaka 1964

Akitajiwa Lugalo, mkazi wa Dar es Salaam huwaza kambi ya jeshi, hospitali kuu ya jeshi na magari yaliyosongamana barabara ya Bagamoyo. Sisi wa Uhehe huwaza pengine: porini nje ya Iringa, kwenye njia iendayo Morogoro, ambapo Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, aliwavunja Wajerumani tarehe 17 Agosti 1891. Lugalo ya kwanza ni hiyo, nayo ya Dar es Salaam ilipewa jina kwa heshima yake. Kwa kuwa vijana wengi wanadhani mambo ni kinyume, inafaa iandikwe jinsi jina la Uhehe lilivyofika pwani, na habari hiyo haielezeki bila kuueleza mwaka 1964, mwaka ambao nchi, majeshi na hata Bunge vilibadili majina.

Mwaka huo ulianza na Mapinduzi ya Zanzibar, usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari. Sultani Jamshid akaondoka, Sheikh Abeid Amani Karume akawa Rais, na visiwa vikaitwa Jamhuri ya Watu wa Zanzibar na Pemba. Tanganyika ikapeleka huko askari polisi wapatao 300, na kwa hiyo Dar es Salaam ikabaki na polisi wachache.

Wakati huo jeshi la Tanganyika liliitwa Tanganyika Rifles. Jina lilikuwa jipya lakini mwili ni ule wa zamani. Mpaka uhuru wa 1961 batalioni zake zilikuwa za King's African Rifles, ambayo wazee waliiita Keya, na vijana wa Kihehe walikuwa wengi ndani yake, kwa kuwa Mwingereza alikwisha kusikia sifa za babu zao. Batalioni ya kwanza ilikaa kambi ya Colito, Dar es Salaam, na ya pili ilikaa Tabora. Colito ni mahali Ethiopia, ambapo Keya ya Tanganyika ilipigana na Waitaliano mwezi Mei 1941, na sajini mmoja Mzungu, Nigel Leakey, alipewa nishani ya Victoria Cross akiwa amekwisha kufa. Vita vilikuwa vikali na askari wetu walikufa humo. Hata hivyo jina la kambi lilikuwa kumbukumbu ya vita vya mfalme wa Uingereza, na nchi sasa ilikuwa huru mwaka wa tatu.

Maofisa wakubwa walikuwa bado Waingereza, chini ya Brigedia Sholto Douglas. Askari wa kawaida alipata shilingi 105 kwa mwezi. Mwanzoni mwa Januari Mwalimu Nyerere alikuwa ametangaza kwamba kazi za serikali zitatolewa kwa raia wote bila kuangalia rangi. Lilikuwa neno la haki, lakini kambini lilisikika kana kwamba nafasi za juu zitaendelea kushikwa na wengine. Basi usiku wa kuamkia Jumatatu tarehe 20 Januari, askari wa Colito wakawafungia maofisa wao, wakachukua silaha na kuingia mjini. Wakashika uwanja wa ndege, kituo cha redio na barabara za Ikulu. Walitaka mshahara wa shilingi 260 na maofisa Waafrika. Oscar Kambona, Waziri wa Mambo ya Nje na Ulinzi, alikwenda kuzungumza nao mbele ya mitutu ya bunduki, na hakuna atakayemnyima sifa ya ushujaa wa siku ile. Maofisa Waingereza wakasafirishwa kwa ndege hadi Nairobi. Siku ya pili Tabora nao wakaasi, na huko Kapteni Mrisho Sarakikya, Mmeru aliyesomea Sandhurst, akaishika batalioni isimwage damu.

Asubuhi ya tarehe 25 makomando wa Kiingereza walishuka kwa helikopta kutoka meli ya Centaur, wakaivamia Colito, na kwa muda mfupi tu maasi yakaisha. Uganda waliasi Jinja na Kenya wakaasi Lanet wiki hiyo hiyo, na huko pia Mwingereza aliitwa. Mwalimu aliumia sana kwa kulazimika kuwaita waliokuwa watawala wetu waje kuwanyang'anya silaha vijana wetu. Februari mawaziri wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wakakutana Dar es Salaam, kisha wanajeshi wa Nigeria wakaja kulinda nchi wakati jeshi jingine likiundwa.

Hapa pana dai ambalo halina budi kukataliwa. Wapo wasemao Jeshi la Wananchi wa Tanzania ni Keya iliyobadilishwa jina mara mbili. Si kweli. Tanganyika Rifles ilivunjwa. Askari wake wengi walirudishwa makwao, na vijana wapya wakatafutwa katika Umoja wa Vijana wa TANU na Jeshi la Kujenga Taifa lililoanzishwa Julai 1963. Askari wa Keya alikatazwa siasa. Huyu mpya aliruhusiwa kadi ya chama, akafundishwa kwamba bunduki yake ni ya mkulima. Tarehe 1 Septemba 1964 jeshi hilo likazaliwa, na Sarakikya, aliyeuanza mwaka akiwa kapteni, akaliongoza kwa cheo cha brigedia. Alilishika miaka kumi, akampisha Abdallah Twalipo.

Jeshi jipya halingekaa chini ya jina la vita vya mfalme. Colito ikaitwa Lugalo. Kwa nini Lugalo? Hapa niwieni radhi niiache 1964 kidogo, maana asiyejua ya 1891 hatajua uzito wa jina hili.

Mkwawa alikuwa mwana wa Munyigumba, na jina lake kamili Mkwavinyika. Mjerumani alimtuma Emil von Zelewski, ambaye watu wa pwani walimwita Nyundo kwa ukali wake, na njiani alichoma vijiji. Wazee wanasimulia kwamba Wahehe walilala kwenye majani na nyuma ya mawe ya Lugalo, kimya, hata kikohozi hakikusikika, mpaka msafara ulipojaa wote ndani ya mtego. Kisha ikalia bunduki moja na mikuki ikainuka. Nyundo aliuawa akiwa juu ya punda wake, na aliyemchoma, wasema wazee, ni kijana aliyekuwa bado hajaota ndevu, ambaye Mtwa alimzawadia ng'ombe. Wajerumani wapatao kumi walikufa pamoja na askari wao mamia. Bunduki kama 300 zikachukuliwa, na mizinga pia. Mjerumani mwenyewe alijenga mnara pale kuwakumbuka watu wake, na mnara huo ni ushahidi wetu, kwa kuwa aliyeshindwa ndiye aliyeujenga.

Wajerumani waliporudi mwaka 1894 walivunja ngome ya Lipuli pale Kalenga kwa mizinga. Mkwawa hakukamatwa. Alipigana porini miaka minne, na tarehe 19 Julai 1898, alipozingirwa Mlambalasi, akajipiga risasi asishikwe akiwa hai. Sajini Merkl akamkata kichwa, kikapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919 ulidai fuvu hilo lirudishwe, kwa ibara inayomtaja Mkwawa kwa jina. Ni watemi wangapi wa Afrika waliotajwa katika mkataba uliomaliza vita vikuu vya dunia?

Fuvu likakaa huko miaka mingine zaidi ya thelathini. Gavana Edward Twining akaenda jumba la makumbusho la Bremen, palipokuwa na mafuvu mengi yasiyo na majina. Alikuwa na vipimo vya vichwa vya jamaa wa Mkwawa waliokuwa hai, akalinganisha, mpaka likabaki fuvu moja linalooana na ukoo, nalo lina tundu la risasi. Watu wa Kalenga hawakuhitaji vipimo. Mwaka 1954 Gavana alilileta mwenyewe, na aliyelipokea ni mjukuu wa Mkwawa, Chifu Adam Sapi. Lipo Kalenga hadi leo, na aendaye hulikuta.

Adam Sapi ndiye anayeturudisha 1964, na ndiye ambaye vitabu vya mwaka huo vimempita haraka mno. Alisoma Tabora na Makerere, akashika uchifu wa Wahehe mwaka 1940 akiwa kijana. Novemba 1962 alichaguliwa kuwa Spika wa Bunge la Tanganyika, akampokea kiti Abdulkarim Karimjee. Mwaka uliofuata sheria ikaufuta utawala wa machifu nchi nzima. Wengine walinung'unika, wengine walirudi mashambani kwao. Mtwa wa Uhehe alikuwa tayari ameshika kiti kinachosimamia watunga sheria wote, na sheria hiyo ilipopita yeye ndiye aliyekuwa Spika. Ni nasaba chache za watawala wa jadi zilizovuka mto ule bila kulowa kama hii, na heshima aliyopewa nyumbani haikupungua hata siku moja.

Basi Aprili 1964, tarehe 22, Mwalimu na Mzee Karume walitia saini Hati za Muungano huko Zanzibar. Tarehe 25 zikaletwa mbele ya Bunge la Tanganyika, Spika akiwa Adam Sapi. Tarehe 26 Muungano ukawa, na kesho yake marais wawili wakabadilishana hati katika Ukumbi wa Karimjee. Yule ambaye babu yake alikufa akikataa kutawaliwa na mgeni ndiye aliyekuwa katika kiti wakati nchi mbili huru zilipokubali kwa hiari yao kuwa moja. Jambo hili wazee wa Uhehe hulisema kila Aprili, na wana haki ya kulisema. Mwalimu akawa Rais, Karume Makamu wa Kwanza, Rashidi Kawawa Makamu wa Pili. Bunge la Tanganyika likawa la Jamhuri ya Muungano, na Spika akabaki yule yule.

Jina Tanzania halikuzaliwa siku hiyo, ingawa wengi hudhani hivyo. Kwa miezi sita nchi iliitwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, jina refu lisilokaa vizuri mdomoni. Wananchi wakaalikwa kupendekeza jina, na tarehe 29 Oktoba 1964 likatangazwa Tanzania. Nani alilitoa kwanza, watu bado wanagombana, na ugomvi huo nawaachia wenyewe.

Majirani nao walibadilika mwaka ule. Nyasaland ikawa Malawi tarehe 6 Julai. Kongo ya Léopoldville ikajiita Jamhuri ya Kidemokrasia mwezi Agosti. Rhodesia ya Kaskazini ikawa Zambia tarehe 24 Oktoba. Kenya ikawa jamhuri tarehe 12 Desemba, na Mzee Kenyatta akawa rais wake wa kwanza.

Tukirudi kwenye maasi ya Januari, Uganda hawakufuata njia yetu: huko Jinja waasi waliongezwa mshahara, na Idi Amin akapanda vyeo upesi miaka iliyofuata. Askari wa Jeshi la Wananchi, lile lililoundwa upya Septemba 1964, ndio waliomwondoa Kampala Aprili 1979.

Adam Sapi aliachia kiti mwaka 1973, akakaa Erasto Mang'enya, kisha akarudi mwaka 1975 na kukishika hadi 1994, Bunge la mfumo wa vyama vingi likiwa mlangoni. Hakuna Spika wa nchi hii aliyekaa muda mrefu kama yeye. Alifariki mwaka 1999. Kambi ya Dar es Salaam bado inaitwa Lugalo, na Iringa mjini ipo shule ya sekondari yenye jina hilo hilo. Mahali penyewe pa vita, mnara wa Mjerumani bado umesimama, na msafiri atokaye Morogoro hupita karibu nao kabla hajafika mjini.