Kipimamwendo cha Kebo na cha Kihisi

Ingia duka lolote la vifaa vya ujenzi mjini Kilifi, sema unataka geji, na muuzaji atakuuliza: ya ngapi? Kwake geji ni unene wa bati. Geji 28 ni nzito, geji 32 ni nyepesi, na anayeezeka nyumba za kupangisha mara nyingi hushika ya katikati, geji 30. Vuka barabara hadi kwa fundi wa pikipiki utamke neno lilo hilo, naye atatupa jicho kwenye tangi, kwa kuwa geji anayoijua yeye ni ya mafuta. Mtu wa reli naye ana yake: upana kati ya vyuma viwili, milimita 1,000 kwa reli ya zamani iliyoanzia Mombasa, milimita 1,435 kwa reli ya kisasa iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017. Ile ya zamani waliiita hata "mita geji". Ajabu ni kwamba maneno hayo mawili, mita na geji, ndiyo yanayogombea kitu kimoja juu ya usukani wa pikipiki.

Kitu chenyewe ni kile kioo cha duara mbele ya dereva, chenye mshale unaopanda kadiri mwendo unavyozidi. Wapo wenye pikipiki za zamani, Vespa, Honda za miaka ya sabini, Yamaha iliyoachwa na baba, ambao hukichoka, huking'oa, na kutia cha dijitali. Hapo ndipo istilahi zinapoanza kugharimu pesa, kwa kuwa mtu huagiza hiki akaletewa kile, na wote wawili, mwagizaji na muuzaji, wana haki ya kusema walielewana.

Pwani yetu neno linalotangulia kinywani ni "mita". "Mita imekufa," husema kijana wa boda boda pale Malindi, naye hazungumzii urefu wala stima. Wengine husema spidomita. Wengine hufupisha, "spidi haifanyi". Vitabuni ni kipimamwendo. Neno hili limeundwa kwa kanuni iliyotupa kipimajoto, kipimahewa na kipimamvua, na uzuri wake ni kwamba hata anayelisikia mara ya kwanza hahitaji kuelezwa. Upungufu wake ni mmoja. Linataja kinachopimwa, halitaji kinavyopimwa. Kwa muda mrefu hilo halikumsumbua mtu, kwani namna iliyotumika kwenye vyombo vingi ilikuwa ile ile.

Namna hiyo inatokana na hataza aliyoisajili Mjerumani Otto Schulze mwaka 1902. Kwenye habu ya gurudumu la mbele kuna gia ndogo inayozungusha kebo, yaani uzi wa chuma uliosokotwa, unaozunguka ndani ya ganda lake mpaka juu kwenye usukani. Ndani ya kile kioo, ncha ya kebo inazungusha sumaku, na karibu na sumaku kuna kikombe cha alumini kisichoigusa. Alumini haivutwi na sumaku, kila mtoto wa shule anajua. Lakini sumaku inapozunguka huzalisha mikondo midogo ya umeme ndani ya alumini, na mikondo hiyo inakifanya kikombe kitake kuifuata sumaku. Kikombe kingezunguka nayo moja kwa moja lau si springi nyembamba inayokirudisha nyuma. Pale nguvu hizo mbili zinapotoshana ndipo mshale unaposimama. Mwendo ukizidi, kikombe kinajisokota zaidi, na mshale unapanda. Katika kazi yote hiyo hapana kinachohesabiwa.

Chini ya mshale huwa pana kidirisha chenye vigurudumu vya namba, kilomita ilizokwenda pikipiki tangu itoke kiwandani. Hivyo havina habari na sumaku. Vinasukumwa na gia kutoka kebo ile ile. Tofauti hii ndiyo inayomwezesha fundi mzoefu kujua ugonjwa kabla ya kushika bisibisi:

"Ami, namba zinasonga?"

"Zinasonga. Mshale ndio umelala."

"Basi kebo nzima. Maradhi yako juu."

Zikisimama namba na mshale pamoja, kebo imekatika au gia ya habu imelika. Mshale ukitetemeka, kebo imekauka au imepindwa mno ilipopita. Na mwambao huu, wenye upepo wa chumvi na njia za mchanga kama ile ya kuingilia Ngomeni, kebo hukauka upesi. Mwenye pikipiki akiona hivyo huijaza grisi mpaka juu, ikapanda pamoja na kebo, ikaingia kwenye kikombe, na mshale ukaanza kunata. Grisi hupakwa sehemu ya chini. Ncha ya juu huachwa kavu.

Cha dijitali hufanya kazi nyingine kabisa. Sumaku ndogo hubandikwa kwenye gurudumu, na kihisi hufungwa kwenye foku, karibu yake. Kila sumaku inapopita, kihisi hutoa mpigo mmoja wa umeme. Kifaa kilicho juu kinajua mzingo wa tairi kwa sababu umekiambia, kwa hiyo hupima muda kati ya mpigo na mpigo, kikagawanya, kikapata mwendo. Tairi iliyoandikwa 2.75-18, kwa mfano, ina mzingo wa takriban milimita 1,875. Ukiwa kwenye kilomita 60 kwa saa, sumaku inapita mbele ya kihisi karibu mara tisa kwa sekunde. Kazi ni kuhesabu tu.

Kuhesabu mipigo si jambo geni upande huu. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco la Waitalia katika bahari ya Ngomeni, ilirushwa setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Uhuru kwa kuwa Kenya siku hiyo ilikuwa ikitimiza miaka saba ya kujitawala. Kazi yake ilikuwa kuhesabu miali ya eksirei inayotoka angani, mmoja mmoja, na orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339. Zama ambapo pikipiki za Malindi zilikuwa bado zikivutana na springi, si mbali na hapo chombo kilikuwa kimeondoka kwenda kuhesabu.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe, dijitali. Wakenya tulilipokea kwa mlango wa siasa. Katika uchaguzi wa mwaka 2013 upande mmoja ulijiita wa dijitali na wapinzani wao wakabandikwa "analogi", na tangu hapo analogi kwetu ni mtu aliyepitwa na wakati, anayeshika simu ya mulika mwizi. Mwaka 2015 tulipohamishwa kutoka matangazo ya televisheni ya analogi hadi ya dijitali, maana hiyo ilizidi kukolea: dijitali ni kipya, analogi ni kikuukuu. Ndiyo maana mtu atakwambia anataka pikipiki yake "iwe dijitali" na ukimbana aeleze, anachotaka ni taa ya buluu.

Wataalamu wa lugha walijaribu njia ya pili, ya kufasiri. Dijiti ni tarakimu, basi kifaa cha dijitali ni "cha tarakimu". Tarakimu ni neno letu la siku nyingi lenye asili ya Kiarabu, na huku Kenya sehemu yake ilitumiwa hata kuunda tarakilishi kwa maana ya kompyuta. Kwa hesabu za darasani linatosha. Kwa pikipiki linapotosha, na kosa lake huonekana ukikitazama tu kile kipimo cha zamani: kina tarakimu! Vile vigurudumu vya kilomita ni nini? Kwa upande wa pili, vipimo vingi vya kisasa huchora mshale kwenye skrini, na vingine vina mshale wa kweli, wa plastiki, unaosukumwa na mota ndogo kwa amri ya kihisi. Hicho cha mwisho ni cha dijitali ndani na cha mshale nje. Ukikiita cha tarakimu umesema uongo, na ukikiita analogi umesema mwingine.

Kwa maoni yangu kosa ni kuuliza swali moja mahali pa mawili. La kwanza: kifaa kinapataje habari ya mwendo? La pili: kinamwonyeshaje dereva? Mafundi wa vibandani wanalijibu la kwanza bila kusoma kamusi. Husema "ya kebo" na "ya sensa". Hapo wametupita sote. Ila sensa ina mwenyewe: ni ile ya kuhesabu watu, na mwaka 2019 ilibisha hodi kila nyumba ya Kenya. Utani wake ni mzuri, maana kifaa hiki nacho kinahesabu, lakini kwenye maandishi heri kutumia kihisi. "Cha umeme" sikipendekezi. Pikipiki za umeme zimeshaingia sokoni Kenya, na anayesikia "kipimo cha pikipiki cha umeme" atadhani ni cha hizo; isitoshe, hata kile cha Schulze kinasukumwa na mikondo ya umeme ndani ya alumini.

Basi mfumo ninaoutetea ni huu: kipimamwendo cha kebo, kipimamwendo cha kihisi, na kila kimoja huweza kuwa cha mshale, cha namba au cha skrini. Kipimamwendo cha kihisi chenye mshale. Maneno ni mengi, ndiyo, lakini fundi akiyasikia hatakuuzia kitu kingine. Kidirisha cha kilomita kiitwe kipimamasafa, kisichanganywe na mwenzake. Geji ibaki kwa mafuta, mabati na reli; ina kazi ya kutosha.

Kuna neno moja linalonisikitisha kwamba limelala. Kamusi za zamani zimeandika batli: kifaa cha kupimia mwendo wa chombo baharini, na pia daftari la safari. "Kutia batli" ni kukitupa majini. Melini kilikuwa ubao mdogo uliofungwa kamba yenye mafundo. Ubao ukabaki nyuma, kamba ikaachiwa, na mafundo yakahesabiwa huku mchanga ukimwagika ndani ya chupa. Ndiyo sababu mwendo wa meli bado unatajwa kwa mafundo. Tazama basi: kipimo cha mwendo chenye jina la Kiswahili kabla ya pikipiki kuzaliwa kilikuwa kinahesabu, sawa na hiki tunachokiita cha kisasa. Na maana ya pili, ya daftari, ndiyo iliyo mfukoni mwa kila mwenye gari kwa jina la logbuku, maana Waingereza nao walilitoa baharini. Sisemi kijana wa boda aseme batli imekufa. Atachekwa stendi nzima. Lakini anayetunga istilahi za vyombo vya usafiri angelianzia hapo kabla ya kukimbilia Kilatini.

Turudi kwenye pikipiki, kwa kuwa jina sahihi halifungi kifaa. Jambo la kwanza kukagua ni volti. Pikipiki ndogo nyingi za miaka ya sitini na sabini zilitumia volti 6, ilhali vipimo vya kihisi vinavyouzwa leo kwa kawaida hutaka 12. Vespa nyingi za zamani hazikuwa na betri kabisa: taa zao zilipata mkondo geu moja kwa moja kutoka kwa injini, na kifaa cha kihisi kinataka mkondo mnyoofu, uliotulia. Kukifunga hivyo hivyo ni kukiua. Pia usiwashe injini huku betri imechomolewa. Volti hupanda ghafla na skrini huzima isiwake tena. Waya wa kihisi uupitishe mbali na waya wa plagi, ambao kelele zake za umeme zinaweza kuongeza mipigo isiyokuwepo, na mshale ukaonyesha mwendo na pikipiki imesimama.

La pili ni mzingo wa tairi. Paka chokaa kidogo kwenye tairi, kaa juu ya pikipiki ikiwa na upepo wa kawaida, isukumwe mpaka alama ijirudie chini, halafu pima kati ya alama na alama. Kipimo hicho ni bora kuliko hesabu ya karatasini, maana tairi hubonyea kwa uzito wako. Ukibandika sumaku mbili na kifaa kinadhani ni moja, kilomita 60 zitaonekana 120, na abiria wako atashuka kabla ya Watamu.

La tatu ni jua letu. Skrini ikiachwa mchana kutwa ufukweni huweza kugeuka nyeusi kwa joto, ikarudi ikipoa. Lakini utando wake ukizoea kuchomwa, baada ya miaka hufifia kabisa. Mshale wa Schulze haujui adhabu hiyo. Kwa pikipiki ya zamani ambayo kebo yake bado inapatikana dukani, ushauri wangu ni kubadilisha kebo, basi. Kihisi ni cha yule ambaye gia ya habu yake haipatikani tena, au aliyebadilisha gurudumu zima la mbele.

Na ukikiweka, andika zile kilomita za zamani kwenye karatasi pamoja na tarehe, uiweke na logbuku, kisha kihifadhi kipimo chako cha kwanza. Kipya huanza na sifuri, na mnunuzi wa kesho ana haki ya kujua kwamba pikipiki haikuanza na sifuri.