Ndege ya Mizigo ya Air Tanzania: Ilikotoka na Inavyowagusa Wazalishaji wa Nyanda za Juu Kusini

Juni 3, 2023, Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Mhe. Dkt. Samia Suluhu Hassan, aliongoza mapokezi ya ndege aina ya Boeing 767-300F katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, Dar es Salaam. Ndege hiyo, yenye uwezo wa kubeba tani 54, ni ya kwanza ya Kampuni ya Ndege Tanzania (ATCL) iliyoundwa kwa ajili ya mizigo pekee. Kwa mfanyabiashara wa mazao wa Mlandege, katika Manispaa ya Iringa, aliye takriban kilomita 500 kutoka uwanja huo, swali la msingi ni namna ndege hiyo itakavyomfikia.

Shirika la Ndege la Tanzania (ATC) lilianzishwa Machi 1977, kufuatia kuvunjika kwa Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lililokuwa likitoa huduma tangu 1946. Jambo linalosahaulika mara nyingi ni kwamba mizigo ilizingatiwa tangu mwanzo. Boeing 737-200 mbili za shirika hilo, zilizopewa majina ya Kilimanjaro na Serengeti, zilikuwa na mlango mpana ubavuni, hivyo viti viliweza kuondolewa na nafasi yake kupakiwa shehena.

Miaka iliyofuata haikuwa rahisi. Mwaka 2002 Shirika la Ndege la Afrika Kusini lilinunua asilimia 49 ya hisa, na mwaka 2006 ubia huo ukavunjika. Ufufuaji ulianza upya Septemba 2016 kwa kuwasili kwa ndege mbili za Q400, zilizonunuliwa na Serikali kupitia Wakala wa Ndege za Serikali na kukodishwa kwa ATCL. Hadi kufika kwa Boeing 767, mizigo ya kampuni ilisafiri chini ya sakafu ya ndege za abiria, ikifuata ratiba na njia za abiria.

Hapa ni vema kueleza namna mzigo wa anga unavyotozwa, kwa kuwa ndipo wasafirishaji wapya hupata hasara. Mteja hulipia uzito halisi au uzito wa ujazo, kutegemea ulio mkubwa. Kwa kanuni inayotumika zaidi, mita moja ya ujazo huhesabiwa kuwa kilo 167. Boksi la maua lenye ujazo wa mita 0.12 na uzito wa kilo 12 litalipiwa kilo 20. Ufungashaji mbaya, kwa maneno mengine, ni kulipia hewa.

Kwa sababu hiyo si kila zao linafaa kupanda ndege. Parachichi la Njombe, Mufindi au Rungwe, likivunwa limekomaa na kuhifadhiwa katika nyuzi joto 5 hadi 6, hustahimili wiki kadhaa ndani ya kontena la ubaridi, na meli huwa nafuu zaidi. Maua, maharage machanga, mboga za majani na nyama mbichi ndivyo vinavyohitaji ndege, kwani siku mbili za kuchelewa zaweza kuondoa thamani yake yote. Kabla ya yote hayo, mzigo wa mimea unahitaji cheti cha usafi wa mimea kinachotolewa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA).

Kuhusu miundombinu, Uwanja wa Ndege wa Songwe mkoani Mbeya, uliofunguliwa Desemba 2012, una njia ya kuruka na kutua ndege yenye urefu wa zaidi ya kilomita 3. Uwanja wa Nduli, Iringa, nao umeboreshwa, ingawa ni kwa ndege ndogo zaidi. Lakini njia ndefu peke yake haijazi ndege. Tani 54 ni shehena ya malori kadhaa, inayopaswa kukusanywa, kupozwa na kukaguliwa kwa wakati mmoja, huku ndege ikihitaji pia mzigo wa kurudi nao. Pasipo vyumba vya ubaridi karibu na mashamba na vyama vya ushirika vyenye uwezo wa kukusanya kiasi hicho, mzigo utaendelea kupita barabara kuu ya TANZAM hadi Dar es Salaam.

Lipo pia suala la soko. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka ATCL katika orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka katika anga lake kwa sababu za usalama, na Juni 2025 hatua hiyo ikapanuliwa kwa mashirika yote yaliyosajiliwa nchini. Bidhaa za Tanzania zenyewe hazikuzuiwa. Zinaweza kufika Ulaya kwa mashirika mengine, ambayo ndiyo hupata nauli. Kwa Boeing 767, safari zilizobaki wazi ni za masoko kama Dubai, na mzalishaji wa Iringa au Mbeya anayepanga msimu wake anashauriwa kuanza na mnunuzi wa upande huo.