Moshi Uliogeuka Nguvu: Ekzosi, Miinuko na Safari Rally

Mwaka jana kaka yangu alipeleka gari lake dogo kwenye gereji moja hapa Kagarama. Fundi aliondoa sailensa, akaweka bomba pana la moshi na kumwahidi kwamba gari litakuwa na nguvu kama la mashindano. Akiba ya miezi kadhaa ikaisha. Kelele ziliongezeka kweli, lakini tulipopanda kurudi nyumbani kwa barabara ya Bugesera, gari lilikuwa zito kuliko awali. Nilipomcheka, aliniuliza swali lililonishinda: "Mdogo wangu, mbona magari ya rali yana mabomba mapana?"

Insha hii ni jibu langu kwake. Ninadai kwamba katika miinuko ya Afrika Mashariki, ekzosi ilibadili historia ya mbio za magari pale moshi ulipoanza kutumiwa kuingiza hewa katika injini. Upana wa bomba pekee hauelezi mabadiliko hayo.

Tuanze na injini isiyo na turbo, kama ya kaka yangu. Vali ya kutolea moshi inapofunguka, moshi hutoka kwa kishindo, na nyuma ya kishindo hicho hubaki mvuto. Bomba likiwa na urefu na upana unaofaa, mvuto huo huondoa mabaki ya moshi na kusaidia hewa mpya kuingia katika silinda. Bomba likiwa pana mno, mwendo wa moshi hupungua na mvuto hudhoofika, hasa injini inapozunguka polepole. Hapo ndipo mlima unapomshinda dereva.

Tatizo la pili ni hewa yenyewe. Kigali iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Nairobi iko juu zaidi. Katika kimo cha Kigali, kani ya hewa ni pungufu kwa karibu moja ya sita ikilinganishwa na pwani. Injini isiyo na turbo huvuta hewa kidogo, huchoma mafuta kidogo, na hivyo hutoa nguvu kidogo.

Dawa ilikuwa imebuniwa mapema. Mwaka 1905, mhandisi Mswisi Alfred Büchi alipata hataza ya wazo la kutumia nguvu ya moshi kushindilia hewa ndani ya injini. Mwaka 1918, Sanford Moss alijaribu turbo ya injini ya ndege juu ya mlima Pikes Peak nchini Marekani, zaidi ya mita 4,000, kwa sababu ndege zilipungukiwa nguvu angani. Kwa hiyo tatizo la miinuko lilikuwa sehemu ya historia ya turbo tangu mapema.

Katika Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, hakuna gari lenye turbo lililoshinda kwa miaka 30 ya kwanza. Joginder Singh alishinda mara tatu na Shekhar Mehta mara tano bila turbo. Mwaka 1984 Björn Waldegård alishinda kwa Toyota Celica Twincam Turbo. Gari hilo liliandaliwa mjini Cologne na timu ya Ove Andersson, ambaye mwenyewe alishinda Safari mwaka 1975 kwa Peugeot 504. Celica ilishinda tena mwaka 1985 na 1986. Kuanzia 1984 hadi 2002, Safari ilipotoka katika ubingwa wa dunia, kila mshindi alitumia turbo.

Hata hivyo, turbo peke yake haikutosha. Mwaka 1983, Audi mbili zenye turbo zilishika nafasi ya pili na ya tatu nyuma ya Opel ya Ari Vatanen isiyo na turbo. Uimara wa gari, mafundi na uzoefu wa njia vilikuwa na uzito wake. Turbo za wakati huo pia zilichelewa kuitikia dereva alipokanyaga mafuta. Ucheleweshaji huo uliumiza zaidi kwenye kona nyingi za Ulaya kuliko kwenye barabara ndefu za Safari.

Sasa naweza kumjibu kaka. Gari lenye turbo lina ekzosi ya sehemu mbili. Kabla ya turbo, njia ya moshi hubanwa ili joto na kani visipotee. Baada ya turbo, bomba hupanuliwa ili moshi utoke bila kizuizi. Sisi watazamaji tunaona sehemu ya nyuma tu. Fundi wetu aliiga kile kinachoonekana na kuacha kile kinachofanya kazi.

Kwa kuhitimisha, historia ya teknolojia isiandikwe kwa kutazama umbo la kifaa pekee. Tuulize kilitatua tatizo gani, na mahali gani. Kaka yangu amesoma rasimu ya insha hii. Hakusema neno, ila wiki iliyofuata alirudisha bomba lake la zamani.