Mita iliyoitangulia sheria: reli ya Kinyangiri na kisa cha vipimo vyetu

Katika miaka ya 1930 serikali ya Kiingereza ya Tanganyika ilijenga tawi la reli kutoka Manyoni, kwenye Reli ya Kati, likapanda kaskazini kupita Singida na kuishia Kinyangiri, safari ya takriban kilomita 150. Leo Kinyangiri ni kata ya Wilaya ya Mkalama, wilaya iliyomegwa kutoka Iramba mwaka 2012. Mgeni ataonyeshwa alizeti, mtama, uwele na vitunguu, lakini stesheni hataonyeshwa, kwa sababu reli ile haikudumu. Miaka ya 1940 iling'olewa. Tawi lilipokuja kujengwa tena liliishia Singida mjini, kilomita 115 kutoka Manyoni, na Kinyangiri ikaachwa na barabara yake ya vumbi.

Kwa anayependa habari za vipimo, reli hiyo iliyokufa ina jambo moja la ajabu. Nafasi kati ya chuma na chuma, ukipima kutoka ubavu wa ndani hadi ubavu wa ndani, ilikuwa mita moja. Waingereza walioijenga hawakuwa watu wa mita. Walipima barabara kwa maili, mashamba kwa ekari, nguo kwa yadi na mahindi kwa ratili. Katika makaratasi yao upana huo uliandikwa futi 3 na inchi 3⅜, ambazo ukizigeuza zinatoa milimita 1,000.125, yaani mita moja na ziada ndogo isiyofika hata unene wa ukucha. Kwa hiyo mkazi wa Kinyangiri wa mwaka 1935, ambaye dukani hakuwahi kuuziwa kitu kwa mita, alikuwa akivuka mita moja kila alipokatiza reli kwenda shambani.

Mita hiyo aliiacha Mjerumani. Ujerumani ilianza kutumia vipimo vya metriki rasmi mwaka 1872, na ilipoanza kutandika reli Tanga mwaka 1893, kisha Dar es Salaam mwaka 1905 hadi kufika Kigoma mwaka 1914, ilitumia mita. Mwingereza alipoirithi nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza aliikuta reli imelala hivyo, na tawi lolote jipya ilibidi lifuate shina. Cha kuchekesha ni kwamba hata upande wa Kenya, alikokuwa peke yake bila Mjerumani, Mwingereza huyo huyo alitumia mita. Reli ya Uganda iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 ilifuata mtindo wa India, na India katika miaka ya 1870 ilichagua reli ya mita kwa sababu serikali yake ilikuwa na mpango wa kuingia kwenye metriki. Mpango ulikwama kwa miongo mingi, lakini reli zilikuwa zimeshatandikwa.

Siku hizi mambo yamegeuka. Sheria zetu ni za mita na kilo, ilhali reli mpya zimerudi kwenye futi. Reli ya TAZARA ina upana wa milimita 1,067, ambazo ni futi 3 na inchi 6. Reli ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, ina milimita 1,435, ambazo ni futi 4 na inchi 8½ za Kiingereza. Hata hivyo futi nayo imepoteza uhuru wake. Tangu makubaliano ya kimataifa ya mwaka 1959, inchi moja ni milimita 25.4 kamili, kwa hiyo anayepima kwa futi anapima kwa mita bila kujua.

Mita yenyewe ilitoka wapi? Wafaransa walipofanya mapinduzi yao walikuta kila jimbo lina pishi yake na futi yake, na wakataka kipimo kisichotokana na mguu wa mfalme yeyote. Mapendekezo mawili yalishindana. La kwanza lilikuwa la penduli: chukua urefu wa uzi ambao jiwe lililofungwa mwisho wake linatumia sekunde moja kwenda upande mmoja, na urefu huo uwe kipimo cha dunia nzima. Jaribu nyumbani. Funga jiwe dogo kwenye uzi wa sentimita 99, ukipima mpaka katikati ya jiwe, ning'iniza, sukuma kidogo tu, kisha hesabu. Litapita mara 60 kwa dakika, na halijali ukilisukuma kidogo au kidogo zaidi, wala halijali uzito wake. Linajali mambo mawili: urefu wa uzi na nguvu ya mvutano wa dunia mahali hapo.

Hilo la pili ndilo lililoliua pendekezo. Dunia inajizungusha na imetuna kidogo kwenye ikweta, kwa hiyo mvutano huku kwetu ni hafifu kuliko Ulaya, na uwanda wa juu wa Singida unaupunguza tena kidogo. Uzi wa sekunde moja ni sentimita 99.4 hivi Paris, lakini Singida ni kama sentimita 99.1. Kama wanasayansi wale wangeshikilia penduli, mita ya Kinyangiri ingekuwa fupi kuliko mita ya Paris kwa milimita tatu, isipokuwa tungekubali wote kupimia Ufaransa.

Basi mwaka 1791 wakachagua dunia yenyewe: mita iwe sehemu moja kati ya milioni kumi za umbali kutoka ncha ya kaskazini hadi ikweta. Wanasayansi wawili, Delambre na Méchain, wakatumwa kupima ardhi kutoka Dunkerque hadi Barcelona, kazi iliyoanza mwaka 1792 na kumalizika mwaka 1798, katikati ya vita na kukamatwa na walinzi waliodhani vyombo vyao ni vya upelelezi. Walikosea kidogo mno: umbali ule ni kilomita 10,002 badala ya 10,000. Faida ya uamuzi wao ni kwamba mtu anaweza kuikadiria nchi yake kichwani. Kutoka ikweta hadi ncha ni digrii 90, kwa hiyo digrii moja ni kilomita 111. Kinyangiri iko digrii nne na kitu kusini mwa ikweta, hivyo ikweta iko karibu nusu ya kilomita elfu kaskazini yake. Tangu mwaka 1983 mita haitegemei tena dunia wala fimbo yoyote ya madini. Ni umbali ambao mwanga unasafiri katika sehemu moja kati ya 299,792,458 za sekunde.

Kabla ya reli, bidhaa za pwani zilifika bara kwa bega la mpagazi, na vipimo vilisafiri pamoja nazo. Nguo ilipimwa kwa mkono, kutoka kisugudi hadi ncha ya kidole cha kati: mikono minne ni shuka, mikono minane ni doti. Pembe za ndovu zilikwenda kwa frasila, ratili 36 au kama kilo 16, na mzigo wa mpagazi ulikuwa frasila mbili hivi. Nafaka ilikwenda kwa kibaba, na vibaba vinne vikafanya pishi. Mimi siwacheki waliotumia vipimo hivi. Muuza nguo mwenye mkono mfupi na mnunuzi mwenye mkono mrefu walikuwa na sababu ya kubishana, lakini wote wawili waliona kinachopimwa na kinachopimia. Tena pwani walijua tofauti kubwa sana iliyosahauliwa baadaye: kulikuwa na pishi ya mfuto, iliyopitishwa kijiti juu ikawa sawasawa na ukingo, na kulikuwa na pishi ya kujaza ikafura.

Reli ilileta swali jingine, kwa sababu behewa linatozwa kwa uzito. Mzigo ulipimwa kwa tani, na tani ya Mwingereza ilikuwa ratili zake 2,240, yaani kilo 1,016. Uzito ulikuwa tayari na heshima yake mkoani kutokana na dhahabu ya Sekenke, huko Iramba, iliyoanza kuchimbwa enzi za Wajerumani. Mwaka 1916, wakiwa wamezingirwa na vita, Wajerumani waliitumia dhahabu hiyo kutengeneza sarafu za rupia 15 mjini Tabora, kila moja ikiwa na gramu 7.168. Hakuna anayepima dhahabu kwa kopo. Swali ni kwa nini alizeti ipimwe kwa ndoo.

Hapa inabidi kutenganisha mambo matatu ambayo sokoni yanaitwa jina moja. Tungamo ni kiasi cha kitu chenyewe, na ndicho tunachokipima kwa kilo. Uzito, kwa maana ya fizikia, ni nguvu ambayo dunia inakivuta kitu hicho. Ujazo ni nafasi kinayoichukua. Mizani ya sahani mbili yenye mawe hulinganisha tungamo na tungamo, kwa hiyo husema kweli Paris, Kinyangiri au mwezini. Mizani ya springi hupima mvutano. Ukichukua mizani ya springi iliyorekebishwa Paris ukaileta Kinyangiri bila kuigusa, gunia la kilo 100 litasoma pungufu kwa karibu gramu 300, na hakuna aliyeiba. Ndiyo maana mizani hurekebishwa mahali inapotumika.

Ndoo haipimi tungamo wala uzito. Inapima ujazo. Debe la zamani lilikuwa kopo la mafuta ya taa la galoni nne, lita 18 na kidogo. Limerithiwa na ndoo ya plastiki ya lita 20, na kwa rejareja kuna kisado, kopo la rangi. Ni vyombo vya dukani vilivyopandishwa cheo. Jaza ndoo ya lita 20 mahindi makavu, ipige mfuto, utapata kama kilo 14 au 15. Jaza alizeti, utapata kama kilo 8, kwa sababu mbegu za alizeti zina maganda mepesi na hewa nyingi katikati. Hiyo ndiyo densiti: tungamo gawanya kwa ujazo. Na hata zao lile lile hubadilika. Ukimimina taratibu ndoo hujaa upesi. Ukiitikisa, punje zinapangana upya, zinashuka, na nafasi ya konzi kadhaa inafunguka. Anayetikisa kwa kawaida ni mnunuzi.

Kisha kuna kichuguu. Chukua ndoo yenye mdomo wa kipenyo cha sentimita 30, na kichuguu cha nafaka kilichosimama sentimita 8 juu ya ukingo. Hiyo ni pia, umbo la darasani. Ujazo wake ni theluthi moja ya eneo la kitako mara kimo: 3.14 mara 15 mara 15 mara 8, gawanya kwa 3. Jibu ni sentimita za ujazo 1,884, karibu lita 1.9. Kwa macho ni kitu kidogo, wala muungwana hawezi kugombana nacho. Gunia ni ndoo sita, kwa hiyo vichuguu sita vinatoa zaidi ya lita 11. Magunia kumi yanatoa lita 113, na gunia zima la ndoo sita za mfuto ni lita 120. Mkulima aliyeuza magunia kumi kwa ndoo za kichuguu amemkabidhi mnunuzi karibu gunia la kumi na moja, na hakuna aliyetamka neno.

Lumbesa ni kichuguu hicho hicho kilichopewa kamba. Gunia la vitunguu linajazwa hadi mdomoni, linaongezwa kipande cha gunia jingine au wavu juu yake, linashindiliwa na kushonwa. Bei inabaki ya gunia moja. Ushuru ukitozwa kwa gunia, halmashauri nayo inapunjwa.

Tanzania iliacha ratili na yadi mwishoni mwa miaka ya 1960. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, ilitungwa mwaka 1982, Wakala wa Vipimo ukaanza mwaka 2002, na kanuni zinataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Kenya mwaka 2019 iliweka kilo 50 kwa gunia la viazi. Mfumo wa stakabadhi ghalani, uliowekewa sheria mwaka 2005, unalazimisha mzigo upite kwenye mizani kabla ya kuuzwa. Nadhani huu una nguvu kuliko msako wowote barabarani, kwa sababu msako hulikuta gunia likiwa limeshashonwa na mkulima ameshalipwa.

Inabaki mizani yenyewe, ambayo wakulima wengi hawaiamini, na hawana kosa. Tafuta kwanza alama ya uhakiki ya Wakala wa Vipimo. Kama bado una shaka, historia imekuachia jiwe la mizani linalopatikana kila duka. Wafaransa walipounda gramu mwaka 1795 walisema ni uzito wa sentimita moja ya ujazo ya maji, na ingawa ufafanuzi wa kilo umebadilika, mara ya mwisho mwaka 2019, lita moja ya maji bado ni kilo moja kwa kiwango kinachotosha kabisa sokoni. Katoni ya chupa 12 za maji za lita moja na nusu ina kilo 18 za maji. Iweke juu ya mizani kabla ya gunia lako. Inapaswa kusoma 18 na nukta kadhaa, hizo za ziada zikiwa za plastiki na boksi. Ikisoma 16, funga mzigo wako, mpigie simu afisa vipimo wa mkoa, na maji uyanywe.