Moraea loubseri: Ua la Kilima cha Olifantskop

Jamii: ayirisi
Asili: Langebaan, Afrika Kusini
Hali porini: hatarini kabisa kutoweka

Inama kidogo utazame katikati ya ua. Petali zake za urujuani zimeota vinyweleo vyeusi vilivyosongamana kama mahameli. Kwa ndevu hizo hulikosei.

Johan Loubser aliliona mwaka 1973 kwenye miamba ya matale ya Olifantskop. Kilima hicho hicho kikachimbwa mawe, makao ya mmea yakamegwa. Bahati nzuri, mbegu zilikwishawafikia watunza bustani. Bustanini linastawi, mashaka yako porini.

Huchanua Agosti na Septemba. Kiangazi majani hukauka yote, tunguu likabaki ardhini. Kitalu kikionekana kitupu, tafadhali usikikanyage.