Mashua ya Vipande Mabegani mwa Wapagazi: Lady Alice na Njia ya Maniema, 1874–1877

Utangulizi

Historia ya ufundi ya Uingereza katika enzi ya Malkia Victoria huandikwa kwa majina ya vitu vilivyoshinda: garimoshi, meli ya mvuke, simu ya nyaya. Pembeni mwa vitu hivyo limo ghala kubwa la vitu vilivyobuniwa kwa bidii na kusahauliwa upesi. Mfano mmoja ni koti la Luteni Peter Halkett wa jeshi la majini, lililobuniwa katika miaka ya 1840. Lilishonwa kwa kitambaa cha mpira. Msafiri alilivaa njiani, na afikapo mtoni alilijaza hewa likawa mashua, huku mwavuli wake ukitumika kama tanga. Leo koti hilo huchekesha. Hata hivyo, swali lililolizaa halikuwa la mzaha: mgeni aendaye nchi kavu atayavukaje maji ikiwa wenyeji hawakumpa chombo?

Swali hilohilo lilifika kusini mwa Maniema, katika njia iliyopita Kabambare na nchi ya Wamaza hadi Kasongo na Nyangwe. Makala haya yanachunguza jibu lililoletwa huko mwaka 1876, yaani mashua ya mbao iliyokatwa vipande na kupewa jina Lady Alice. Hoja yake ni kwamba ubunifu wa mashua hiyo haukukamilika katika karakana ya Kiingereza. Ulikamilishwa na bega la mpagazi, na bega hilo ndilo lililosahauliwa kupita mashua yenyewe.

Mashua iliyoachwa na mitumbwi iliyokataliwa

Lady Alice haikuwa ya kwanza. Mwaka 1857 Richard Burton na John Speke walipojiandaa kwenda Ziwa Tanganyika, walikuwa na mashua ya chuma ya vipande iliyoitwa Louisa. Mashua hiyo iliachwa pwani kwa sababu wapagazi hawakutosha. Matokeo yake yalionekana mwaka 1858 huko Ujiji, ambako wasafiri hao walilazimika kutegemea mitumbwi ya wenyeji, kwa bei na kwa masharti ya wenyeji.

Katika Lualaba masharti yalikuwa magumu zaidi. David Livingstone alifika Nyangwe mwishoni mwa Machi 1871, akakaa miezi kadhaa akitafuta mitumbwi bila kuipata. Tarehe 15 Julai mwaka huo watu wa misafara waliwafyatulia risasi watu waliokuwa sokoni Nyangwe, wakaua mamia, wengi wao wanawake. Livingstone aliondoka bila kuushuka mto. Mwaka 1874 Verney Lovett Cameron alifika hapohapo, naye akanyimwa mitumbwi.

Vitabu vya wasafiri huliona jambo hili kuwa kikwazo tu. Likitazamwa kutoka ukingoni mwa mto, lina maana nyingine. Watu wa Lualaba walijua kwamba mto ulikuwa ukuta wao. Aliyewapa wageni mitumbwi aliwafungulia mlango wa ng'ambo, na watu waliokuwa ng'ambo walikuwa ndugu na majirani zake. Kunyima mtumbwi, kwa hiyo, kulikuwa ulinzi. Mashua ya vipande ilibuniwa ili kupita kando ya kukataa huko.

Kutoka Teddington hadi mizani ya Unguja

Mwaka 1874 Henry Morton Stanley aliagiza mashua kwa fundi James Messenger wa Teddington, ukingoni mwa mto Thames. Ilikuwa ya mbao za mwerezi, yenye urefu wa futi 40 (karibu mita 12), upana wa futi 6 na kina cha inchi 30. Iligawanywa katika vipande vitano, kila kimoja cha futi 8, ili vifungwe pamoja majini na kufunguliwa nchi kavu. Ilipewa jina la Alice Pike, binti wa New York ambaye Stanley alitazamia kumwoa. Januari 1876, mashua ingali safarini, binti huyo aliolewa na mtu mwingine. Wapagazi walioifikisha Maniema miezi kadhaa baadaye walikuwa wamebeba jina la ahadi iliyokwisha vunjika.

Chombo kilipopimwa Unguja, kosa lake lilidhihirika. Vipande vinne vilikuwa na uzito wa ratili 280 kila kimoja, na cha tano ratili 310. Hapa inafaa kukumbuka kipimo cha biashara ya pwani. Frasila moja ilikuwa takriban ratili 35, na mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikaribia frasila mbili. Kipande kimoja cha Lady Alice kilikuwa, basi, frasila nane kamili: mizigo ya watu wanne katika umbo moja pana, lisiloweza kupinda wala kuinama katika njia nyembamba ya msituni.

Ilibidi mashua itengenezwe upya. Fundi seremala mmoja Mwingereza aliyepatikana Unguja alipewa kazi ya kupunguza upana wake na kuvigawa vipande vilivyozidi uzito. Tukio hili huandikwa kwa mistari michache tu, lakini ndilo kiini cha habari yote. Karakana ya Teddington ilikuwa imeuliza mashua itaeleaje. Mizani ya Unguja iliuliza itabebwaje. Chombo kilikuwa tayari kwa safari pale tu kilipolijibu swali la pili.

Stanley mwenyewe alilitambua jambo hilo katika malipo. Wabebaji wa mashua waliteuliwa miongoni mwa wanaume wenye nguvu kupita wengine. Walipata ujira mkubwa kuliko hata wakubwa wa msafara, isipokuwa Manwa Sera aliyekuwa mkuu wao; walipewa posho maradufu ya chakula, tena waliruhusiwa kufuatana na wake zao.

Njia ya Luama na mkutano wa Kasongo

Msafara uliondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874 ukiwa na watu 356. Mashua ilizunguka Ziwa Victoria mwaka 1875, kisha Ziwa Tanganyika kati ya Juni na Julai 1876. Baada ya kuvuka Tanganyika, vipande vilirudi mabegani, vikapita Kabambare na kufuata bonde la Luama hadi mto huo unapoingia Lualaba. Msafara ulifika hapo tarehe 17 Oktoba 1876.

Katika nchi ya Kasongo Stanley alikutana na Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip. Habari za mkutano huo zimesalia pia kwa Kiswahili, katika Maisha ya Tippu Tip yaliyochapishwa na Heinrich Brode mjini Berlin mwaka 1902 na 1903. Humo Tippu Tip anasimulia jinsi mgeni alivyomwonyesha bunduki ya kutoa risasi 15 mfululizo, uvumbuzi mwingine wa zama hizo. Mwenyeji hakuonyesha mshangao. Alijibu kwamba upande wa Lomami kuna upinde mmoja unaotoa mishale 20 kwa mara moja, na kila mshale huua mtu. Mgeni alitoka nje akafyatua ili kuthibitisha maneno yake.

Masimulizi haya yana thamani kwa mtafiti wa lugha. Mjini London chombo kipya kilipokewa kwa maonyesho na makofi. Kasongo kilipokewa kwa utani, ambao ni namna ya kudai ushahidi. Aliyetania hakuwa mshamba wa mambo ya silaha. Alikuwa tajiri wa pembe na watumwa, mwenye bunduki nyingi, na utajiri huo ulikuwa umejengwa juu ya vijiji vya Maniema. Utani wake haumsafishi, ila unaonyesha kwamba wavumbuzi na watazamaji hawakugawanyika kama vitabu vya wakati ule vinavyodai.

Mkataba ulifungwa: kwa mujibu wa Stanley, Tippu Tip angemsindikiza kwa vituo 60 kwa malipo ya dola 5,000. Msafara uliondoka Nyangwe tarehe 5 Novemba 1876 na kuingia msituni. Huko wabebaji wa mashua walipata taabu kuliko watu wote. Kipande kilichopita vizuri katika nyika kilikwama kila hatua kati ya miti na mizizi, kikasukumwa kwa mabega kupenya vichaka, na wenyewe wakafika kambini wakati wenzao wamekwisha pumzika. Tarehe 19 Novemba vipande viliunganishwa na mashua ikateremshwa Lualaba.

Mashua moja, mitumbwi mingi

Ndipo kasoro ya pili ilipojitokeza. Lady Alice iliweza kutangulia, kupima kina na kuvusha watu kwa zamu, lakini haikuweza kuchukua msafara mzima. Tippu Tip aliporudi nyuma mwezi Desemba, Stanley aliendelea na karibu watu 150 katika mashua hiyo pamoja na mitumbwi zaidi ya 20. Mitumbwi hiyo ilikuwa ya watu wa mtoni, na mingi ilichukuliwa vitani. Chombo kilichobuniwa ili mgeni asihitaji mtumbwi wa mwenyeji kiligeuka kuwa njia ya kumnyang'anya mtumbwi huo. Ukuta wa maji ulikuwa umebomolewa.

Nahodha wa Lady Alice alikuwa Uledi, Mungwana wa Unguja, aliyewaokoa wenzake wengi waliokuwa wakizama katika maporomoko. Karibu na mwisho wa safari, njaa ikiwa kali, alikutwa ameiba shanga za msafara. Ilipoamriwa apigwe, ndugu yake na binamu yake walijitolea kuipokea adhabu kwa niaba yake, naye akasamehewa. Tarehe 31 Julai 1877 mashua iliburutwa hadi juu ya miamba karibu na maporomoko ya Isangila na kuachwa ioze. Msafara ulifika Boma tarehe 9 Agosti. Kati ya wale 356 wa Bagamoyo, karibu theluthi moja tu ndio waliorudi Unguja mwezi Novemba. Wengine walikuwa wamekufa au wametoroka.

Ratili 40

Fundisho la mizani ya Unguja halikupotea. Mwaka 1887 Stanley alirudi Kongo akiwa na mashua ya chuma cha pua iliyoitwa Advance. Ilikuwa na urefu wa futi 28, nayo ilikatwa vipande 12 vya takriban ratili 75 kila kimoja, yaani zaidi kidogo ya frasila mbili. Kipimo cha msafara kilikuwa kimeingia katika michoro ya karakana ya Kiingereza.

Lakini mabega nayo yalikuwa na neno la kuongeza. Mwezi Juni 1888, Tippu Tip alipoleta wapagazi wa Maniema katika kambi ya Yambuya, alikataa mizigo iliyokuwa imefungwa akisema ni mizito. Ilibidi ifunguliwe na kupunguzwa hadi ratili 40. Maofisa wa Kiingereza waliliona hilo kuwa hila. Huenda hila ilikuwapo. Hata hivyo watu wale walijua msitu walioamriwa kuupita, na wengi wao hawakuwa wameichagua safari ile. Kupunguza mzigo kulikuwa moja ya mambo machache yaliyoweza kupatikana kwa faida yao.

Hitimisho

Neno mpagazi hutokana na kitenzi pagaa, kubeba mabegani. Ni neno la kazi. Lakini watu wa misafara, hata wale waliokuwa watumwa, walipenda kujiita kwa neno jingine, Waungwana, ambalo ni neno la hadhi. Kutokana na neno hilo lilipatikana jina Kingwana, ambalo kwa muda mrefu katika enzi ya ukoloni liliitwa Kiswahili cha mashariki mwa Kongo. Tofauti ya maneno haya mawili inaeleza umbali uliokuwapo kati ya walivyohesabiwa na walivyojihesabu wenyewe.

Mwerezi wa Lady Alice ulioza juu ya mwamba wa Isangila. Kilichosalia kutokana na misafara ile ni lugha iliyotumika kuhesabia frasila, kugombea posho, kuomba msamaha wa Uledi na kumtania mwenye bunduki ya risasi 15. Lugha hiyo haikuja peke yake. Ilifuatana na minyororo, na si haki kuitaja bila kuitaja minyororo hiyo. Lakini mtafiti atakayeandika historia ya uvumbuzi katika Maniema asitosheke kuuliza nani alichora mashua. Na aulize pia ilikuwa na uzito gani, nani aliibeba, na alilipwa nini. Majibu ya maswali hayo yako katika vitabu vilevile vya wasafiri, na mengine yamo katika Kiswahili.